Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuta za Ghala Letu

Ndugu wanachama, mbukwenyi.

Katika mkutano uliopita niliwaahidi kwamba tukikutana tena, wakazi wa kwanza wa vyumba vya juu vya ghala letu la zamani hapa Dodoma, tunaloligeuza kuwa maduka na makazi, watakuwa na funguo mkononi. Sijatimiza ahadi hiyo. Maduka ya upande wa barabara yamefunguliwa, vyumba vya juu bado. Sababu ni kuta, na nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo iliyokula muda na fedha zetu. Hesabu zenyewe atazisoma mhazini.

Ghala letu ni mtoto wa Reli ya Kati. Reli ile ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kila treni iliposimama kupakia mazao, magunia yalihitaji mahali pa kulala. Waashi wa ghala hili waliinua kuta nene za mawe kwa udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wa ardhini wakati wa mvua, kisha kiangazi huutoa taratibu kupitia chokaa. Miaka mingi kabla chama hakijalichukua jengo, mtu alizipiga kuta lipu ya saruji ndani na nje, bila shaka kwa nia njema. Unyevu ukakosa pa kutokea. Chumvi ikachanua kwa ndani, na tulipobandua lipu tulikuta udongo kati ya mawe unamwagika kwa kuguswa tu na kidole.

Mkandarasi tuliyeanza naye alitaka tupige lipu nyingine ya saruji, tupake rangi, watu wahamie. Kamati iligawanyika. Mimi nilisimama upande wa kubandua yote, na lawama ya kuchelewa naipokea mimi. Tulimtafuta fundi mzee anayeijua chokaa. Chokaa iliyochomwa humwagiwa maji ikachemka, kisha huachwa shimoni wiki kadhaa ndipo ichanganywe na mchanga. Ukiiharakisha, chembe ambazo hazijaiva huja kufumuka ukutani baadaye. Lipu yake hupigwa tabaka jembamba, unasubiri, unaongeza jingine. Kwa jua na upepo wa Dodoma, tulilazimika kuifunika kwa magunia yaliyolowa isije ikakauka kabla ya kushika. Nimewaona vijana wetu wakiyalowesha magunia hayo alfajiri na jioni, hata Jumapili. Nawashukuru kwa moyo wote.

Sakafu ya juu hatukuiegemeza kwenye kuta hizo. Imesimama kwenye nguzo za chuma zenye misingi yake yenyewe. Tunaishi jirani na Bonde la Ufa, na wengi wetu tumewahi kusikia vikombe vikigongana kabatini usiku ardhi ikitetemeka. Kenchi za zamani za paa zimebaki. Mchwa walikuwa wamekula ncha tu, tukazikata na kuunga mbao mpya. Mwanga ulitusumbua zaidi, maana ghala hujengwa kwa ajili ya magunia, na gunia halihitaji dirisha. Badala ya kutoboa kuta tumefungua paa katikati, na sasa vyumba vyote vya juu vinatazama ua mdogo wa ndani.

Idhini ya kubadili matumizi tumeipata. Ngazi ya pili, kwa ajili ya kujiokoa moto ukitokea, inajengwa. Hati za vyumba zitafuata sheria ya mwaka 2008 inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, lakini kumbukeni kwamba paa, ngazi, ua na kuta za nje ni mali ya wote, na mvua haitauliza zamu ya ukarabati ni ya nani. Tunahitaji mfuko wa matengenezo kabla mtu wa kwanza hajahamia.

Jambo la mwisho ni zito kwangu. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018, na hasa tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kutufikia mwaka 2024, eneo hili linatafutwa sana. Tumeletewa ofa ya kukodi sehemu yote ya chini kwa mkupuo. Ni fedha nzuri, sikatai. Lakini akina mama wanaouza karanga, ufuta na zabibu, pamoja na mama lishe wetu, walikuwa chini ya paa hili lilipokuwa linavuja. Kamati inapendekeza wabaki, kwa kodi wanayoweza kuilipa.

Kuna na ukuta wa mashariki, ambako makarani wa zamani walihesabu magunia kwa mkaa, mistari mitano mitano. Hapo hatujapaka kitu.

Kura ni mbili: mfuko wa matengenezo na ofa ya sehemu ya chini. Kabla ya kupiga kura, naomba twende sote tukaone kazi. Fundi anatusubiri kwenye ukuta wa mashariki. Uguseni: ni mkavu.