Uzito wa adhabu usiwekwe kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaowafundisha vijana kutunga, kwa ajili ya kompyuta, yale matatizo ya uchaguzi ambayo kila jambo huandikwa 1 likichukuliwa na 0 likiachwa. Hapa Moshi nimepitia madaftari ya vijana waliohudhuria mafunzo ya aina hiyo, na kasoro niliyoiona inajirudia: fomula imeandikwa vizuri, mabano yamefunguliwa sawasawa, kisha mbele yake imebandikwa 100 au 1,000 kuwa uzito wa adhabu, bila neno hata moja la kueleza namba hiyo imetoka wapi.

Katika utungaji huu mashine haipewi orodha ya masharti. Hupewa fomula moja itafute thamani yake ndogo kuliko zote, na kwa hiyo kila sharti hugeuzwa kuwa gharama ndani ya fomula hiyohiyo: sifuri likitimizwa, zaidi ya sifuri likivunjwa. Uzito wa adhabu ndio unaoamua gharama hiyo iwe kubwa kiasi gani.

Tuseme mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni ana shehena tatu, na gari lake linabeba mbili tu. Ndizi zitampa faida ya shilingi 50,000, maharage 40,000 na vitunguu 30,000. Tukihesabu kwa makumi elfu, faida tunaiandika kwa alama ya kutoa, −5a − 4b − 3c, ambapo vigeu a, b na c vinasimamia ndizi, maharage na vitunguu, na sharti la gari linakuwa P(a + b + c − 2)², ambapo P ndiyo uzito wa adhabu. Weka P = 2. Ndizi na maharage zinatoa −9 bila adhabu yoyote, lakini shehena zote tatu zinatoa −12 + 2, yaani −10, kwa hiyo kompyuta itapakia zote tatu, na lawama si yake. Konda wa daladala anayejua kwamba faini ni ndogo kuliko nauli za abiria wa ziada hupiga hesabu hiyohiyo. Weka sasa P = 4: shehena tatu zinatoa −8, mbili bado −9, na sharti linaheshimiwa. Mpaka uko kwenye 3, ambayo ndiyo faida ya vitunguu vinavyopaswa kubaki sokoni.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini basi tusiweke 1,000 tukalala usingizi. Kwa vigeu vitatu haidhuru, maana michanganyiko ni 8 na yote inapimika kwa kalamu. Vigeu vikifika 20, michanganyiko inapita milioni moja, na programu nyingi hutafuta kwa kubadili kigeu kimoja kimoja. Ili itoke kwenye maharage na vitunguu (−7) ifike kwenye ndizi na maharage, ni lazima programu ya namna hiyo ipitie hali inayovunja sharti. Adhabu ikiwa 1,000, hapo pamesimama ukuta, na utafutaji hukwama kwenye jibu halali lakini duni. Katika mashine za kwantamu, yaani kompyuta zinazotumia fizikia ya chembe ndogo sana, kama zile za kampuni ya D-Wave, namba zote hupunguzwa kwa pamoja ili zitoshee kipimo cha mashine, na adhabu kubwa mno huifanya tofauti ya −9 na −8 (ndizi na vitunguu) isionekane kabisa.

Kufungua mabano hakuhitaji kipindi kizima. Kwa kuwa 0 na 1 zikizidishwa zenyewe hazibadiliki, a² ni a, na mabano yanakuwa 4 − 3(a + b + c) + 2(ab + ac + bc). Masharti ya “si zaidi ya”, ambayo kwa kawaida hudai vigeu vya ziada, yanaweza kusubiri. Katika mfano huu kila shehena ina faida, hivyo “mbili kamili” inatosha.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kompyuta kuwashwa, mwanafunzi aandike jedwali la mistari 8, aipandishe P kidogo kidogo, na aonyeshe mwenyewe mahali jibu linapogeuka. Akishahamia kwenye programu, aandike pembeni ya kila P sababu ya ukubwa wake, na kila jibu linalotoka alikague upya kwa sharti peke yake, faida ikiwa imewekwa kando.

Mwalimu wa hisabati,
Majengo, Moshi.