Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: kipimo kimoja kwanza, nano baadaye

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,
Dodoma.

YAH: KIPIMO CHA TAIFA CHA CHEMBE ZA PLASTIKI KATIKA ZIWA VICTORIA

Mheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni Mwanza. Katika kila kundi, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo kwa maziwa makuu ya Afrika. Tafiti zilizofuata ukanda huu ni vigumu kuzisoma pamoja: mtafiti mmoja anahesabu vipande kwa mita ya ujazo ya maji, mwingine kwa kilomita ya mraba, wa tatu kwa kilo ya mchanga mkavu. Ukimuuliza mtaalamu kama hali ya 2026 ni mbaya kuliko ya 2016, hana namba ya kukupa. Ndiyo maana tunaomba nchi iwe na namna moja ya kupima chembe hizi.

Wakati huohuo maabara nyingi duniani zinatangaza chembe za nano (dawa za vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho) zinazonasa plastiki majini kwa asilimia 90 na kuzidi. Hazidanganyi. Tunachoomba ni kwamba fedha ya umma isitoke kwa mitambo hiyo kabla hatujaweza kupima kama inafanya kazi kwenye maji yetu.

Tuanze na uchukuaji wa sampuli. Wavu unaokokotwa juu ya maji kwa kawaida una matundu ya mikroni 330 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Uzi wa nguo una unene wa mikroni 10 hadi 20, kwa hiyo unapita kwa urefu wake kama sindano kwenye kitambaa. Mahali ambapo watu hufulia mitumba ya polista ufukweni, wavu huo unapoteza sehemu kubwa ya kile kinachotafutwa. Kwa maji ya kunywa, Umoja wa Ulaya ulipitisha utaratibu wake mwaka 2024: maji yapite kwenye vichujio viwili vilivyopangwa, cha mikroni 100 halafu cha mikroni 20, na yapimwe angalau lita 1,000. Hapa kwetu hilo linahitaji pampu, mita ya maji, mabomba ya chuma cha pua na saa kadhaa za subira. Mwani utaziba kichujio cha chini mapema. Dawa yake ni kubadilisha kichujio na kuandika lita zilizopita. Kukitoboa au kukiacha kifurike ni kuharibu sampuli.

Ili plastiki ibaki peke yake, utumbo wa samaki huyeyushwa kwa hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, ujazo mara tatu au zaidi ya nyama, kwa nyuzi joto 40, saa 48. Wapo wanaoongeza joto au kutumia sodiamu hidroksidi kali ili wamalize mapema. Kasi hiyo ina gharama: sodiamu hidroksidi kali hula nailoni na PET (plastiki ya chupa za maji). Nyavu haramu za timba ni nailoni. Maabara inaweza kuyeyusha ushahidi wa uvuvi haramu kisha ikaandika kwamba haukuwepo.

Mchanga huchanganywa na maji ya chumvi ili plastiki ielee, na kosa kubwa liko kwenye chumvi hiyo. Gramu 360 za chumvi ya kawaida kwa lita hutoa maji yenye uzito wa gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Polietilini na polipropilini (chini ya 1.0) zitaelea, nailoni (1.14) pia. PET (1.38) itazama. Maana yake ni kwamba kifuniko cha chupa ya maji kitahesabiwa, na kopo lenyewe, lile linalojaza mitaro ya Mto Mirongo kila masika, litabaki chini ya bika bila kuonekana. Zinki kloridi iliyofikishwa 1.6 inaelesha vyote viwili, lakini ni ghali na ni sumu kwa samaki. Ichujwe na kutumika tena, wala isimwagwe kwenye sinki.

Kuna pia uchafu wa maabara yenyewe, na hapa ndipo tafiti nyingi huanguka kimyakimya. Feni ya dari inamwaga nyuzi kwenye sahani. Maji ya bomba ya kuoshea vyombo Mwanza yametoka ziwa hilohilo tunalolipima. Kwa hiyo: feni izimwe, makoti yawe ya pamba yenye rangi moja inayojulikana, kila kemikali ichujwe kabla ya kutumika, na kila kundi la sampuli 10 liambatane na sampuli tupu 3 zilizopitia hatua zote. Vilevile watie vipande 20 vya plastiki wanavyovijua ndani ya sampuli moja, waone vinarudi vingapi. Vikirudi 12, ripoti iseme 12.

Kutambua plastiki kwa macho chini ya hadubini hakutoshi kwa kipande kilicho chini ya nusu milimita. Zipo hadubini zinazotambua aina ya plastiki kwa mwanga: ya infraredi inafika hadi kipande cha takriban mikroni 20, ya Raman (inayotumia leza) hadi takriban mikroni 1. Tahadhari ya manunuzi, Mheshimiwa: hadubini nyingi za infraredi zina kipokezi kinachopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika. Pasipo ugavi wa uhakika wa nitrojeni hiyo, mashine ya mamilioni inabaki pambo la ofisi. Zabuni itaje kipokezi kinachofanya kazi bila nitrojeni, hata kama hakioni vizuri kama kile kingine, pamoja na betri ya dharura na mkataba wa matengenezo. Moja inayofanya kazi, ikitumiwa kwa zamu na vyuo vyote vya kanda, inatosha kuanzia.

Sasa nano. Dawa inayosifiwa zaidi ni magnetaiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Inatengenezwa kwa kuchanganya chumvi za chuma za aina mbili, moja kwa mbili, kisha kupandisha pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) hadi 10 au zaidi. Inajishikiza kwenye plastiki, sumaku inavuta vyote. Majaribio mengi hufanywa kwa vijigololi vipya vya polistirini ndani ya maji safi. Ziwa letu si hivyo. Magnetaiti hupoteza chaji yake ya umeme karibu na pH 7. Juu ya hapo inakuwa hasi. Maji ya ziwa mara nyingi yako juu ya 7, na mwani ukistawi mchana hupanda hadi karibu 9. Plastiki iliyochakaa juani nayo ni hasi. Vitu viwili hasi vinasukumana. Juu ya hayo, mboji iliyoyeyuka na mwani hushika nafasi kwenye chembe kabla plastiki haijafika, ndipo mwendeshaji anaongeza dozi, na chuma kinabaki majini. Kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, nguo nyeupe zinaanza kuota madoa na wananchi watalalamika kabla ya maabara.

Titani dioksidi, dawa nyingine ya nano inayochochewa na mwanga ili ivunje plastiki, ina tatizo jingine: haimezi plastiki mara moja. Inaipasua kwanza kuwa vipande vidogo zaidi. Ukipima kwa infraredi utaona idadi imeshuka na utashangilia, kumbe vimeshuka chini ya uwezo wa chombo. Utafiti wa Marekani wa Januari 2024 ulihesabu takriban vipande 240,000 katika lita moja ya maji ya chupa, na asilimia 90 vilikuwa vya ukubwa wa nano. Tafiti za awali zilihesabu vichache mno kwa sababu vyombo vyake havikuviona.

Kwa hiyo, mradi wowote wa nano ukifika mezani kwako, tunaomba udai majaribio ya miezi 12 kwa maji ya ziwa yasiyochujwa, masika na kiangazi. Chuma au titani ipimwe kwenye maji yanayotoka. Na mwombaji aandike tope lenye plastiki na nano litazikwa wapi. Asiyejua tope linakwenda wapi hana mradi.

Yapo yasiyongoja. Shabu (dawa ya kutuamisha uchafu wa maji) na vichujio vya mchanga vinavyoendeshwa vizuri tayari vinanasa sehemu kubwa ya chembe hizi. Maji ya kuoshea vichujio ndiyo yanayobeba mzigo huo, basi yatuame kwanza kabla ya kurudi ziwani. Dagaa wapimwe kabla ya sangara, kwa kuwa sangara hutolewa matumbo na dagaa huliwa mzima. Na mifuko mbadala iliyoruhusiwa tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019, ile ya gramu 70 kwa mita ya mraba, ni nyuzi za polipropilini zilizogandamizwa. Ikichakaa inachanika nyuzinyuzi, nazo zinaelea. Hizo tungependa kuzihesabu kwanza.

Rasimu ya mwongozo wa sampuli na maabara tunaweza kuiandaa ndani ya siku 90, kwa Kiswahili, ili afisa wa uvuvi wa mwaloni (mahali pa kushushia samaki) aweze kuufuata.

Tunaomba kuwasilisha.

Watafiti wa kemia ya maji na ikolojia ya ziwa,
Mwanza.