Barua kwa Hussein kabla ya safari ya London

Wete, Pemba

Mwanangu Hussein,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Nafasi ya kusomea saikolojia London, alhamdulillahi, mtaa mzima ushajua, na aliyeutangazia ni mimi. Lakini hiyo habari ya Hassan kutemea mate kichupani umpelekee mwalimu wako kwa utafiti wa pacha, sikuipenda. Usimfanye pacha wako sampuli.

Usiniambie mama hajui. Nimesomesha baiolojia. Nyinyi ni pacha wa yai moja, urithi wenu mmoja. Pacha wa mayai mawili hushirikiana kama nusu tu, mfano wa ndugu wowote. Makundi hayo yakilinganishwa ndipo hukisiwa damu imefanya nini na malezi yamefanya nini. Na pacha waliolelewa mbalimbali ndio nyinyi watafiti mnaowatafuta zaidi. Wale pacha wa Ohio, Marekani, wote wawili jina Jim, waliotenganishwa wachanga, walikutana 1979 wakiwa na miaka 39, na Thomas Bouchard, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akawaita awapime. Mwaka 1990 akaandika na wenzake kuwa kama asilimia 70 ya tofauti za alama za akili zinakwenda na urithi. Tofauti baina ya watu, Hussein! Si kwamba asilimia 70 ya akili ya Hassan kazaliwa nayo. Ndipo ninapokuogopea, maana ushaanza kusema "Hassan ndivyo alivyo."

Dada yangu hakujaaliwa mtoto, akaomba mmoja. Ukaenda wewe kwa kuwa ulikuwa umenona, mwenzako ana homa. Basi mizani ya utafiti wako ilipinda tangu siku ile. Wewe ukakuta skuli mlango wa pili. Yeye kila msimu yuko juu ya mkarafuu, ada yako ikitoka humo humo. Hilo kaliandike pia.

Na wale pacha watatu wa New York, waliozaliwa 1961? Waligawiwa nyumba za hali tofauti, watafiti wanakuja kuwapima, na wazee waliowalea hawajaambiwa kuwa wako wengine. Wakajuana 1980, kwa bahati tu. Majalada yao yamefungwa Chuo Kikuu cha Yale mpaka 2065. Waliofanya hayo ni wasomi, si wahuni. Wewe angalau jina la baba yako hukuvuliwa, na kila Idi ulikuwa huku.

Kwa hiyo Hassan muombe mwenyewe, ana kwa ana, umwambie mate yanakwenda wapi na nani atayaona. Akikataa, yaishe. Usimtume mama yako mkubwa amshawishi, namjua.

Karafuu mwaka huu si haba. Tunachambua mpaka usiku, makonyo, vile vijiti vyake, yamejaa ukumbini, vidole vyangu vyeusi hata kalamu inateleza. Bati la jikoni linavuja tena. Fundi kala pesa, hajarudi. Sweta nunua Darajani, usingoje kufika huko uuziwe kwa bei ya kukukomoa.

Njoo na boti ya Jumamosi. Hiyo fomu ya utafiti ichapishe uje nayo, niisome mimi kwanza kabla Hassan hajatia saini.

Mama yako