Land Rover kuukuu ianziwe chini, si kwenye rangi

Ndugu Mhariri,

Tangu maonyesho ya Land Rover ya Arusha, Oktoba 2024, vijana huku Karatu wanazisaka kwelikweli zile kuukuu zilizotelekezwa nyuma ya maghala na misheni. Nafurahi. Ila naomba nafasi niseme nao, maana wanaanza kinyumenyume: rangi kwanza, kisha rimu pana na redio, halafu siku ya kuteremka mlima kwenda Mto wa Mbu ndipo wanauliza habari za breki.

Mimi ni dereva mstaafu. Ninayoendesha ni Land Rover ndefu ya petroli, ile 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Niliikuta kwenye chama cha ushirika, imepandishwa juu ya mawe, kuku wanaatamia kwenye kiti cha dereva. Kabla ya kutaja bei niliingia chini yake na nyundo ndogo. Bodi ya gari hizi ni alumini, haili kutu kama bati, kwa hiyo inadanganya macho. Kinachooza ni chesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, tena kwa ndani, kwa sababu ni chuma cha boksi kinachohifadhi tope na maji. Gonga kuanzia boriti ya nyuma kabisa, kisha ile mikono ya pembeni inayobeba bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na wakati mwingine nyundo inazama. Yangu ilizama mahali pawili, nami nikapata cha kushushia bei. Fundi wa kwanza alitaka kuchomelea kiraka juu ya kutu. Nikamshukuru, nikaenda kwa mwingine aliyekata mpaka akakuta chuma safi.

Halafu breki. 109 ina silinda sita za kusukuma breki kwenye magurudumu: mbili kwa kila gurudumu la mbele, moja moja nyuma. Gari ikisimama miaka, zinakwama au zinavuja. Ukiona vishimo ndani ya silinda, kubadilisha raba peke yake ni kutupa hela, nunua nzima. Badilisha pia mipira ya breki na masta silinda. Fedha niliyotajiwa ya kupaka gari zima rangi ilitosha kwa yote hayo. Rangi mpaka leo sijapaka.

Tairi nazo msitazame kashata, yaani meno ya tairi, tu. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi hilo hata liwe na kashata nzima, mpira wake umeshazeeka.

Injini niliiacha mwisho, na ndiyo iliyokula hela kidogo. Nilifungua plagi, nikamimina oili kidogo kwenye kila silinda, nikaiacha ilale, asubuhi nikazungusha kwa hendeli taratibu mpaka ikalegea. Petroli iliyokuwa tangini ilishageuka gundi, basi nikaning'iniza dumu lenye mpira, nikaosha kabureta, pointi zinazokatiza umeme wa plagi nikazipiga msasa na kuziweka mwanya wa inchi 0.015 kwa geji. Iliwaka kwa moshi mwingi, majirani wakadhani nachoma takataka.

Neno kuhusu kadi ya gari. Ada ya leseni ya magari ya kila mwaka, iliyodaiwa hata gari likiwa limesimama, ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo gari kusimama si sababu tena ya kulikimbia. Lakini usitoe hela kabla hujasugua chesi mbele kulia, karibu na springi, kwa brashi ya waya. Namba imegongwa hapo, nayo ifanane na ya kwenye kadi. Isipofanana, ondoka.

Wenye magari haya nawaomba, kabla hamjamwita mnunuzi wa chuma chakavu aikate bodi ikayeyushwe kuwa sufuria, muulizieni fundi kwanza. Hata ikiwa chesi imekwisha, difu na gia boksi zinatafutwa. Na wakaguzi wetu wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, inapofika Land Rover inayong'aa kwa rangi mpya, wasibandike stika kabla mmoja wao hajalala chini na nyundo.

Dereva mstaafu,
Karatu, Arusha