Jamani watangazaji, uacheni wimbo uishe

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kirumba, Mwanza, na redio yangu inawashwa saa 12 asubuhi inazimwa nikifunga kazi, kwahiyo ninachokiongea nakijua, sijasimuliwa.

Juzi kati ilikuwa mbalamwezi. Watu wa ziwani wanaelewa, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, na ndo muda injini zote zinashushwa kwangu, huyu kabureta inamsumbua, yule hata hajui injini ina nini anachojua tu inazima katikati ya maji, basi ni kazi mpaka usiku. Kwenye saa 5 asubuhi redio moja ya hapa mjini ikaweka Bohemian Rhapsody ya Queen, bendi ya rock ya Uingereza. Nikamwambia dogo ninayemfundisha kazi, acha hiyo plagi, njoo usikie. Akaja akasimama na spana mkononi. Zile sauti zikaanza kupokezana, zikapanda, zikapandiana, na pale pale gita linapotaka kuingia, yaani sekunde ile ile, likaingia tangazo la kubeti. Dogo akaniangalia akauliza, "Fundi, umeme umekatika?" Umeme upo. Wameukata wimbo.

Iliniuma, Mhariri, na sioni aibu kusema. Ule wimbo una dakika 6 kasoro sekunde chache, na ulipotoka mwaka 1975 kuna watu waliwaambia Queen ni mrefu mno redio hazitaupiga. Ila kuna mtangazaji wa Capital Radio ya London, Kenny Everett, aliupata kabla haujatoka akaupiga mara 14 ndani ya siku 2, watu wakaanza kuuliza madukani, na mwisho wa siku ukakaa namba moja Uingereza wiki 9. Na aliyeuimba, Freddie Mercury, kazaliwa hapa hapa kwetu, Zanzibar, mwaka 1946. Sasa mtoto wa Zanzibar anakatwa Mwanza kabla gita halijaingia, tena kwa tangazo la kubeti!

Nikapiga simu studio. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu sana, akaniambia kaka sio sisi, pleilisti inapangwa na kompyuta. Nikamwelewa, maana hilo jambo nimelifuatilia. Kwenye programu zile nyimbo zinawekwa kwenye mafungu, fungu la zinazotamba linajirudia kila baada ya masaa machache, fungu la zamani linapewa nafasi ndogo, na kila lisaa lina nafasi zake za matangazo zimeshalipiwa, muda ukifika tangazo linaingia hata wimbo uwe umefika wapi. Hii ya kurudia rudia nyimbo chache ilianzia Marekani miaka ya 50 mwanzoni, kuna bwana anaitwa Todd Storz alikuwa na redio mji wa Omaha, inasemekana aliona watu kwenye baa wanatumbukiza sarafu kwenye mashine ya muziki kuchagua nyimbo zile zile, akasema na redio iwe hivyo. Na kwa mtu wa gari inawezekana ni sawa, anawasha dakika 20 anafika kazini anazima, anataka akute kitu anachokijua. Lakini mimi nakaa masaa 12! Fundi cherehani anakaa masaa 12, mama wa duka, kinyozi, wale wanaopaa samaki pale Mwaloni, sisi ndo tunaowasikiliza kutwa nzima, alafu ndo tunaopangiwa kama watu wa kupita. Kuna siku nilichukua chaki nikawa naweka alama ukutani kila wimbo mmoja ukipigwa (wa msanii wetu wa nyumbani, sina ugomvi naye, anaimba vizuri), mpaka jua linazama alama zilikuwa 7. Zipo mpaka leo pale juu ya meza ya vyuma.

Na rock ndo kabisa. Mji wenyewe tunauita Rock City kwa ajili ya miamba yetu, lakini ukiisikia rock redioni basi ni zile nyimbo 4 za taratibu za mapenzi, Jumapili mchana au siku ya wapendanao, miaka nenda rudi ni hizo hizo 4. Kulikuwa na kipindi cha rock cha lisaa limoja, Jumapili saa 3 usiku, tulikuwa tunakipenda sana. Kikahamishwa Jumatano saa 8 usiku. Alafu kikapotea, hata kuagwa hatukuagwa.

Kuna wanaosema rock ni kelele za wazungu, Mswahili hazimuingii. Mi nakataa. Mtu aliyekulia kwenye chemko ya bendi ya dansi ya Mlimani Park, wimbo unaenda taratibu dakika 4 unaelezwa kisa, alafu gita zinashika na watu wanainuka, huyo utamwambia nini kuhusu solo la gita? Masikio yake tayari yameshafundishwa. Sebene ya Wakongo tumekua nayo huku kanda ya ziwa. Na rock yenyewe Afrika ipo tena ya siku nyingi, Zambia miaka ya 70 walikuwa na yao wanaiita Zamrock, bendi kama WITCH, magita yanakwaruza mpaka raha, na kipindi hicho Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio zao zipige muziki wa nyumbani asilimia 95, ndo vijana wakapata pa kusikika. Nairobi leo kuna Crystal Axis, Botswana kuna Overthrust na Skinflint, wanavaa ngozi na wanapiga metali, yaani rock nzito. Mimi hizi zote nimezipata kwa kuunga bando, redioni sijawahi kusikia hata moja.

Zamani kabla redio binafsi hazijaanza, mama yangu alikuwa anatuma kadi za salamu Redio Tanzania. Ananunua kadi dukani, anaandika majina ya ndugu wote hadi wa Ukerewe, anataja na wimbo anaoutaka, alafu tunasubiri hata mwezi. Siku likisomwa jina lake nyumba nzima inapiga kelele na wimbo unapigwa. Leo natuma meseji, hela inakatwa, jibu hamna, wimbo hamna.

Kingine ni usiku. Wenye redio wanadhani saa 5 usiku watu wamelala, wanaiachia kompyuta ijiendeshe mpaka alfajiri. Waje wasimame kwenye mawe ya Capri Point usiku wa giza waangalie ziwani, zile taa zote ni boti za dagaa, na kila boti ina watu, na wengi wana karedio kadogo kamefungwa kwenye mfuko wa nailoni kasiloe. Wateja wangu wananiambia wanasikiliza usiku kucha ili usingizi usiwachukue. Usingizi ziwani sio mchezo, Mhariri, mtu akisinzia upepo ukageuka ni mambo mengine. Hao wanahitaji mtangazaji mzima anayeongea nao, na gita la kuwaamsha.

Ninachoomba sio kikubwa. Lisaa limoja tu, saa 3 mpaka saa 4 usiku, boti zikiwa zimeshafika kwenye maji yao, hata mara moja kwa wiki. Wimbo upigwe mpaka mwisho, tangazo lisubiri, na mwenye tangazo nadhani hata yeye hapendi kuchukiwa na wasikilizaji. Jina la wimbo litajwe, na bendi, na mwaka, sio sisi tubaki tunaulizana wiki nzima ule ulikuwa wa nani. Nyimbo zenyewe nimeshaziandika kwenye daftari, kurasa 4, bendi moja moja na dakika za kila wimbo ili wajue wapange matangazo wapi. Redio yoyote ya Mwanza ikiwa tayari iseme hapa hapa gazetini, daftari nalipeleka mwenyewe mapokezi siku hiyo hiyo.

Fundi injini,
Kirumba, Mwanza.