Mguu Umepata Nguvu, Mbona Bado Anayumba? Balansi Baada ya Kiharusi

Swali tunaloulizwa sana sisi wataalamu wa mazoezi ya viungo tunaowafuata wagonjwa nyumbani, na ndugu wa waliopata kiharusi, ni hili: mguu umeanza kufanya kazi, akiwa kitandani anaukunja na kuunyoosha vizuri, lakini akisimamishwa anaelemea upande mmoja. Familia hudhani nguvu bado hazijatosha. Basi anaongezewa kuchuliwa, na asubuhi na jioni anatembezwa uani huku watu wawili wamemshika makwapani. Kumtembeza hivyo hakujengi balansi, kwa sababu wanaosawazisha mwili ni wale wawili, si yeye. Tena bega la upande uliopooza misuli yake imelegea, na kulivuta ni kulitafutia maumivu ya miezi.

Nguvu ni sehemu tu ya kusimama. Ubongo hupokea taarifa kutoka kwenye macho, sikio la ndani, na nyayo na viungo, kisha huamuru vifundo, nyonga na kiwiliwili vijirekebishe kabla mwili haujaelemea mno. Kiharusi kinaweza kuharibu popote hapo. Kuna asiyehisi sakafu chini ya unyayo: mchana yuko salama kwa sababu macho yanamsaidia, umeme ukikatika anaanguka. Kuna aliyepata kiharusi sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miendo. Nguvu anazo, ila hutembea ametanua miguu na kupepesuka. Wengine husahau upande mmoja wa dunia, mara nyingi wa kushoto, wakawa wanajigonga milangoni.

Wanaowachosha zaidi wauguzaji ni wale wanaojisukuma kwa mkono na mguu wenye nguvu kuelekea upande uliopooza. Ukimnyoosha, anakusukuma zaidi, kwani ubongo wake unamwambia kuwa kule anakoegemea ndiko wima. Usishindane naye. Mkalishe akiutazama ukingo wa mlango ili aone mstari ulio wima, kisha mwekee kikombe upande wenye nguvu akifuate mwenyewe kwa mkono.

Kwa kuwa sababu za kuyumba ni nyingi, hatuanzi na mazoezi, tunaanza na kupima. Kipimo cha Berg, kinachopima balansi, kina kazi 14, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 56. Mtu akiwa chini ya 45 tunamchukulia kuwa yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kwa anayetembea tayari, tunapima muda wa kuinuka kitini, kwenda meta 3, kugeuka, kurudi na kuketi. Akitumia sekunde 14 au zaidi, tunakuwa waangalifu. Kipimo kingine hata nyumbani kinawezekana: weka mizani mbili za bafuni kando kwa kando, kila mguu juu ya moja, yeye atazame mbele na wewe usome, huku mtu mwingine akiwa karibu naye. Mwenye kilo 70 akionyesha 50 upande mmoja na 20 upande wa pili, umeshajua anasimamia mguu gani. Mara nyingi ule mguu wa kilo 20 unaweza kubeba zaidi, ila umezoea kuachiwa.

Kazi ya kuuzoesha tena huanzia kwenye kiti. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, chenye kimo cha sentimeta 45 hadi 50, ukiegemeze ukutani. Sofa la kuzama halifai. Mgonjwa asogee ukingoni, avute visigino nyuma kidogo ya magoti, na mguu dhaifu usiachwe mbele. Ukiwa mbele, mwenzake ndio utakaofanya kazi yote, na hilo ndilo kosa tunaloliona karibu kila nyumba. Ashikamanishe viganja, ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Asimame kwa hesabu ya 5, kisha ashuke taratibu bila kujidondosha. Kushuka polepole ni zoezi gumu kuliko kuinuka, na wengi hulikwepa. Anza na mara 5, apumzike, arudie mizunguko 3. Akishindwa, ongeza kimo cha kiti kwa mto mgumu. Akiweza mara 10 mfululizo bila kushika popote, tanguliza mbele kidogo mguu wenye nguvu ili dhaifu ubebe zaidi.

Baada ya hapo asimame mbele ya meza nzito, kiti kikiwa nyuma yake. Ahamishe vikombe kimoja kimoja kutoka upande wenye nguvu kwenda upande dhaifu, aufuate mkono kwa mwili wote. Kisha mguu wenye nguvu, si ule dhaifu, uwe unapanda na kushuka kwenye kidato cha sentimeta 10: mguu unaobaki chini ndio unaofunzwa. Ugumu uongeze jambo moja kwa wakati: miguu karibu zaidi, au blanketi lililokunjwa chini ya nyayo, au kuzungumza huku anafanya. Zoezi lisilomyumbisha hata kidogo halimfundishi. Linalomfanya aikamate meza kila mara limemzidi.

Msaidizi asimame upande dhaifu, nyuma kidogo, ashike mkanda mpana uliofungwa kiunoni. Khanga hufunguka. Ndala ziwekwe kando, avae viatu vinavyoshika kisigino. Kama vidole vya mguu vinaburuta, atahitaji kifaa cha kushikilia kifundo, la sivyo kila hatua atajikwaa. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wenye nguvu, na mpini wake ufikie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukining'inia.

Maanguko mengi nyumbani hutokea mtu anapohama: kitandani kwenda chooni usiku, au sakafu ikiwa na maji. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu, na taa iachwe ikiwaka. Wanaoswali waswali wameketi kitini mpaka tuwe tumewafundisha kushuka sakafuni na kuinuka kupitia goti moja.

Haraka nayo ina madhara. Utafiti mkubwa wa AVERT, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa kuanza kumtoa mgonjwa kitandani kwa wingi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Siku hizo za mwanzo fuateni maelekezo ya hospitali. Baadaye, akisikia kizunguzungu kila anaposimama, pimeni presha akiwa amelala, halafu dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, mwambieni daktari. Dawa msizikate wenyewe.

Tunapokuja mara ya kwanza, tuandalieni karatasi za hospitali, dawa zote anazotumia, viatu vyake na kiti anachokalia kila siku. Awepo pia yule atakayemsaidia siku ambazo hatupo, kwani mazoezi ni ya kila siku. Lakini kuyumba kukianza ghafla upya, pamoja na kuona vitu viwili viwili, mdomo kwenda upande au maneno kuvurugika, msitupigie sisi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.