Hilo doa jeusi kwa skrini ya simu si wino

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kila siku hapa kwa benchi langu la kutengeneza simu Kondele, Kisumu, kuna mzee jirani huniachia nakala yake akishamaliza kama saa nne hivi, na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Lakini wiki iliyopita kwa ukurasa wa teknolojia mliandika ati simu ikianguka na ikatoa doa jeusi huo ni wino wa skrini umemwagika, na kwamba fundi mzuri anaweza kuukausha. Hiyo si kweli, na naomba mrekebishe, juu sisi mafundi ndio tunaoumia.

Nieleze vile niliumia. Jumatatu mama mmoja anayeuza samaki aliniletea simu yake, ilikuwa imeanguka kwa simiti, kona ya juu ina ufa mdogo ambao hata ukipitisha ukucha hausikii, na chini ya huo ufa kuna kidoa cha zambarau kama punje ya hindi. Nikamwambia mama, hii itaenea, hamisha picha zako na namba zako leo leo kabla hujakosa pa kubonyeza. Akasema pesa hana, atarudi. Alhamisi akarudi, lile doa limeteremka limekula nusu nzima, katikati jeusi ti, pembeni zambarau, na mistari ya kijani imesimama kama nyuzi za kitambaa kilichochanika. Akaniambia mbele ya wateja, kijana wangu wewe ndiwe ulifungua hii kitu ukamwaga wino, na hata gazeti limesema fundi anaweza kuukausha. Sikuwa nimeifungua, nilikuwa nimeishika tu nikaimulika na tochi. Nilikosa la kusema juu nilijua ukweli lakini sikuwa na mahali umeandikwa kwa lugha ambayo tunaelewana mimi na yeye.

So wacha niuandike hapa.

Skrini za simu zetu ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni LCD, hiyo ina taa nyeupe kwa nyuma inayowaka wakati wote, na mbele yake kuna kioevu fulani kinachofanya kazi kama pazia, kinafungua mwanga upite ama kinauzuia. LCD ikipasuka hicho kioevu kinaweza kusogea na kuacha weusi, nafikiri hapo ndipo hii hadithi ya wino ilianzia. Ya pili ni OLED, ambayo kwa simu nyingi wanaiandika AMOLED, na hiyo haina taa ya nyuma wala pazia wala kioevu. Kila kidoti kinawaka chenyewe. Ukitaka kujua yako ni gani, usiku zima taa ya nyumba, fungua picha nyeusi kabisa kwa simu na uongeze mwangaza mpaka mwisho. LCD itabaki na ukungu wa kijivu kama alfajiri. OLED itapotea gizani mpaka udhani simu imezima, maanake pale penye weusi hakuna kitu kinawaka.

Kile kinachowaka ni maada ya kaboni iliyopakwa kwa safu nyembamba sana. Zote pamoja hazifiki nusu maikroni (maikroni ni milimita moja ikigawanywa mara elfu), na unywele mmoja wa kichwa ni kama maikroni 70 hadi 100, hebu piga hesabu mwenyewe. Kufanya maada kama hiyo itoe mwanga kwa umeme si jambo la jana. Huko Ufaransa miaka ya 1950 kuna mtu anaitwa André Bernanose aliiona ikiwaka, halafu 1963 Martin Pope na wenzake pale New York wakawasha fuwele ya anthrasini, aina moja ya maada hiyo ya kaboni, lakini walihitaji umeme wa volti mamia. Nani atabeba simu ya volti 400 kwa mfuko? Kitu kilikaa hivyo, cha kuonyeshana kwa maabara tu, mpaka mwaka 1987 Ching Tang, mzaliwa wa Hong Kong, pamoja na Steven Van Slyke, wakiwa kampuni ya Kodak mjini Rochester, Marekani, wakatoa ile ambayo mimi naiita skrini mama ya zote hizi.

Walichofanya ni hiki. Badala ya fuwele moja nene wakaweka safu mbili nyembamba, moja ya kupokea chaji chanya na nyingine ya kupokea elektroni, yaani vichembe vya chaji hasi, zikikutana hapo katikati zinatoa mwanga. Upande mmoja kioo kilichopakwa oksidi ya indiamu na bati, ambayo inapitisha umeme na bado unaona ng'ambo, upande wa pili chuma chepesi kinachoitwa magnesi kilichochanganywa na madini ya fedha kidogo. Ikawaka kijani kwa chini ya volti 10. Tang alikuwa ameanza na sola za maada hizo hizo za kaboni, na ukifikiria vizuri ni kazi moja imegeuzwa, sola inakula mwanga inatoa umeme, hii inakula umeme inatoa mwanga.

Sasa hapa ndipo naomba msomaji asiniache, juu jibu la mama samaki liko kwa hiyo magnesi. Ili elektroni ziingie kwa urahisi unahitaji chuma ambacho hakina ubahili, kinaachilia elektroni zake haraka. Na chuma cha aina hiyo ndicho hicho hicho hewa na maji vinakipenda, kinaliwa upesi. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunajua, mabati ya Dunga na mabati ya juu milimani hayazeeki sawa. Kampuni za leo zimebadilisha michanganyiko lakini tabia ni ile ile, chuma laini kwa umeme ni chuma laini kwa unyevu, na zile safu za kaboni zenyewe pia hewa na maji haziviwezi. Kwa hivyo kuwaka ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kufunga, na hiyo ilisumbua watu miaka. Mwanzoni walifunika na kioo kingine na gundi pembeni, ndani wakaweka kidude cha kunyonya unyevu, ndugu yake wa yale mapakiti madogo mnayopata kwa sanduku la viatu vipya. Siku hizi kwa zile skrini za kukunjika wanapaka safu juu ya safu, moja ngumu ya kuzuia maji, moja laini ya kuziba vitundu vya ile ngumu, tena ngumu. Kipimo wanachotafuta ni kwamba kwa mita mraba moja, siku nzima, isipite zaidi ya sehemu moja ya milioni ya gramu ya maji. Mimi nikisoma hiyo namba mara ya kwanza niliweka simu chini nikaangalia tu barabara.

Sasa mnaelewa. Ule ufa wa kona ambao ukucha haukuushika ulikuwa mlango. Hewa ikaingia, unyevu wa Kisumu ukaingia, Jumatatu punje ya hindi, Alhamisi nusu ya skrini. Hakuna kitu kilimwagika. Kuna kitu kilikufa. Na kilichokufa hakikaushwi na feni wala kuiweka kwa gunia la mchele wala kwa hita yangu, mimi nikiipasha moto naiharakisha tu. Fundi anayekwambia ataukausha wino wa AMOLED anakula pesa yako.

Ajabu ni kwamba kuna OLED ambayo kweli inaanzia kwa wino. Mwaka 1990 kule Cambridge, Uingereza, Jeremy Burroughes, Donal Bradley na Richard Friend na wenzao walionyesha plastiki inayotoa mwanga kwa umeme, na plastiki unaweza kuiyeyusha iwe wino ukaipiga kama printa ya pale saiba. Lakini wino huo uko kiwandani, ukishakauka umekauka, hakuna wa kumwagika kwa mfuko wako. Na skrini nyingi za simu hazipigwi hivyo hata. Wanaweka unga wa hiyo maada kwa chombo kidogo ndani ya chumba kilichonyonywa hewa yote, wanaupasha moto unageuka mvuke, unapanda kugandama kwa kioo kilichoning'inizwa juu, vile mvuke wa ugali unagandama kwa kifuniko. Kati ya mvuke na kioo kuna bati jembamba lenye matundu madogo sana, stensili, kama ile ya kupiga namba kwa matatu, nyekundu inapita kwa matundu yake, kijani yake, bluu yake. Bati likipata moto likatanuka kidogo tu matundu yanahama na rangi zinaangukia nyumba ya jirani, kwa hivyo wanatumia Invar, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao karibu hautanuki, aliugundua Charles Édouard Guillaume mwaka 1896 akapewa Nobel ya fizikia 1920, na wakati huo hakuna aliyekuwa anawaza skrini. Hii sehemu naipenda kuliko zote.

Jambo lingine ambalo ningetaka liandikwe ni la zile skrini za kubadilisha. Mwezi jana nilinunua kwa duka moja la jumla skrini mbili zimeandikwa OLED kwa karatasi, nikamfungia mteja, kesho yake akarudi ati fingaprinti imekataa. Ile fingaprinti ya chini ya kioo nyingi ni kamera ndogo inayochungulia kidole kupitia skrini, kwa OLED mwanga unapenya, kwa LCD ile taa ya nyuma inaziba kila kitu. Nikaenda kwa choo nikazima taa nikafungua picha nyeusi. Ukungu wa kijivu. Nilikuwa nimeuziwa LCD kwa bei ya OLED na mimi nikamuuzia mtu hivyo hivyo bila kujua. Nilimrudishia pesa yake yote, duka halikunirudishia yangu. Kwa hivyo ukibadilisha skrini, fanya ile test ya giza mbele ya fundi kabla hujalipa, fundi mwaminifu hatakasirika. Na ujue pia ukiwekewa LCD, ile kubadilisha rangi iwe nyeusi ili kuokoa betri haina maana tena, taa ya nyuma inawaka vile vile.

Vijana wa boda nao waambiwe, wale wanaoacha ramani imewaka juani siku nzima mwangaza ukiwa mwisho. Wanakuja na kivuli cha ramani ya jana kimebaki kwa skrini wakisema simu imeingiliwa na virusi. Si virusi. Vidoti vilivyowaka sana vimechoka kuliko jirani zao, na bluu ndiyo huchoka kwanza. Nyekundu na kijani zilipata dawa mapema, mwaka 1998 timu ya Stephen Forrest na Mark Thompson Marekani walionyesha kwamba ukitia metali nzito kama platini, na baadaye iridi, ule umeme ambao robo tatu yake ilikuwa inapotea bure unaweza kugeuka mwanga pia. Bluu imewasumbua mpaka leo. Punguzeni mwangaza, ndio ushauri wote nilio nao hapo.

Na mimi haya yote sikuyapata chuoni. Kijana aliyekuja kwangu kwa atachimenti alikuwa ametoka kusomea umeme, anapima transista vizuri kuliko mimi, lakini kuhusu skrini hakuwa ameambiwa neno hata moja, na skrini ndiyo kazi nyingi inayoingia hapa mlangoni. Nilimwonyesha nilikoyatoa. Hataza, watu wengi wanaiita patenti, ni makubaliano, serikali inakulinda miaka fulani, kwa sheria yetu Kenya ni 20, na wewe unaandika hadharani vile kitu chako kinafanya kazi. Hiyo ya Tang ya kwanza huko Marekani ni nambari 4,356,429, ilitolewa 1982, iko kwa intaneti bure na muda wake uliisha kitambo. Kodak wenyewe waliuza biashara yao ya OLED kwa LG mwaka 2009 na 2012 wakaenda kortini kwa kufilisika, lakini karatasi iko pale, yeyote anasoma. Tulichukua wiki mbili mimi na huyo kijana kuisoma kidogo kidogo jioni kazi ikipungua, yeye anatafsiri, mimi nauliza. Kuna wenzangu hapa Kondele na Nakuru kule ambao wamejitengenezea vyombo vyao vya kutenganisha kioo kilichopasuka na skrini nzima, na hawajui kwamba pale KIPI Nairobi, ofisi ya serikali inayosajili hataza, kuna cheti cha uvumbuzi mdogo cha miaka 10 ambacho hakidai mambo mazito kama hataza. Mngeandika habari kama hizo kwa Kiswahili, hata nusu ukurasa kwa wiki, ningezikata nizibandike hapa ukutani.

Kwa sasa naomba yale marekebisho tu, yatoke ukurasa ule ule wa teknolojia na siku ile ile ya wiki, ili waliosoma ya kwanza wasome ya pili. Mama alirudi Jumamosi na mtoto wake wa kidato cha tatu, nikazima taa ya kibanda nikawaonyesha picha nyeusi kwa simu mbili zikiwa pamoja, halafu nikawaonyesha ule ufa kwa lenzi. Mtoto ndiye aliyemweleza kwa Kijaluo. Tulikubaliana alipe skrini kidogo kidogo kila siku ya soko, na zile picha za marehemu mume wake ambazo doa lilikuwa limezifunika tulizitoa kwa waya zote zikiwa salama.

Fundi wa simu,
Kondele, Kisumu